Msimbo Bila Leseni Ni Mtumbwi wa Mwenyewe

Wasee, kuna kitu kinanikera. Kila mara mtu wa rika letu ananitumia linki ya programu yake GitHub, JavaScript kali kabisa, lakini faili la leseni hakuna. Nikimuuliza, anajibu, "Si iko wazi? Anayetaka achukue tu."

Hapana, buda. Kuonekana ni kitu kimoja, kuruhusiwa ni kingine. Mtumbwi ukiachwa ufuoni pale Nyandiwa, kila mpita njia anauona. Ila ukiusukuma majini bila kuuliza, utaitwa mwizi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inahesabu programu ya kompyuta pamoja na kazi za maandishi. Ukishaiandika ni yako, na usipotoa ruhusa, hujatoa.

Halafu kuna wale wa npm init, enta, enta, enta. Kwa kawaida hiyo inakuwekea leseni ya ISC. Sawa, ni leseni nzuri na haina masharti mengi, lakini ulichagua wewe ama kidole?

Mimi niliacha chuo. Huku Magunga nilijifunza kwa kufungua msimbo wa watu nisiowajua, kuuvunjavunja na kuujenga upya. Nimeweza kwa sababu waliniandikia ruhusa mapema, kabla hata hawajajua kuna mtu kama mimi.

Na si mambo ya watoto. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza 2004 na wenye mizizi Eldoret, uko chini ya leseni ya Mozilla. Juu yake ndipo ilijengwa KenyaEMR, inayotumika kwenye vituo vya afya nchini. Hakuna aliyehitaji kupiga magoti kuomba msimbo. Ruhusa ilikuwa imeandikwa.

Sasa chagua. MIT inasema: chukua, badilisha, hata uza, mradi tu uache jina langu na maneno ya leseni. GPL inasema: ukibadilisha ukasambaza, wape watu msimbo wako pia, kwa masharti haya haya. Kama hutaki kampuni ichukue jasho lako iligeuze siri, MIT haitakulinda. Kama unataka itumike kila mahali, GPL itawafukuza wengine.

Ni faili moja, dakika tano. Liandike leo kabla hujalala. Yako itakuwa gani, na kwa nini?