Swali Nililolijibu Nusu

Mwaka mmoja, katika mwezi wa Shaaban, nilialikwa kusomesha Habaswein, mji ulio njiani baina ya Garissa na Wajir. Baada ya darsa la akina mama, sauti ya binti mdogo ilitoka nyuma ya pazia. Aliuliza kwa Kisomali, mwanafunzi akanifasiria: mkojo haumkatiki usiku wala mchana, je, Swala yake inasihi?

Nikamjibu kama nilivyosomeshwa. Mwenye udhuru huo hujisafisha, akajifunga kitambaa, akatawadha baada ya kuingia wakati wa kila faradhi, kisha akaswali pasi na kukawia. Nikamtajia Fatima binti Abi Hubaysh, aliyemwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya damu isiyokatika, wala hakuambiwa aache Swala. Jawabu lilikuwa sahihi. Nikafunga kitabu.

Jioni mkunga mmoja, mama mtu mzima aliyekuwapo darsani, alinifuata kwa mwenyeji wangu. "Sheikh," akasema, "umemfundisha namna ya kuishi na maradhi. Hukumwuliza ameyapata wapi."

Binti yule alikuwa na uchungu siku tatu huko malishoni. Kichwa cha mtoto kilikwama nyongani, kikakibana kibofu hata nyama ikakosa damu, ikafa. Mtoto alizaliwa maiti. Siku chache baadaye ile nyama ilidondoka, pakabaki tundu baina ya kibofu na uke. Hiyo ndiyo nasuri, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu. Hospitalini huitwa fistula. Mimi nilidhani ni udhaifu wa kibofu tu.

Nikataka kujua huwapata nani. Wale walioolewa kabla nyonga hazijakomaa, alisema, na waliodumaa kwa njaa za utotoni. Lakini hata mama wa watoto saba humpata, mtoto akilala vibaya tumboni. Zaidi ya yote ni kuchelewa: wazee wanashauriana, gari halipatikani, na mvua zikinyesha, upande wa kinamasi cha Lorian, njia hufungika. Tena kuna tohara ya kifirauni, ambayo kovu lake halitanuki, na mara nyingine wembe wenyewe hukijeruhi kibofu. Juu ya hili sisi masheikh tumezoea kujibu kwa sauti ya chini. Ushonaji ule hauna asili katika Sunna, na sheria ya Kenya ya 2011 imeuharamisha ukeketaji wa kila namna.

La umri lilinichoma zaidi. Nimeozesha mabinti wengi, na wako ambao sikuuliza miaka yao.

Mkunga akanieleza kwamba tundu dogo likiwahiwa, mpira wa mkojo ukaachwa ndani kwa wiki kadhaa, huweza kujifunga lenyewe. Makubwa hushonwa, Addis Ababa iko hospitali ya kazi hiyo tangu 1974, iliyoanzishwa na Reginald na Catherine Hamlin. Aliyepona hushauriwa ajifungue hospitalini, kwa upasuaji.

Asubuhi nikamtuma mwanafunzi amtafute yule binti. Jamaa zake walikuwa wameondoka alfajiri na ngamia wao kufuata malisho. Mkunga akasema atapeleka habari visimani, maana huko hakuna asiyepita. Nikamwachia nauli ya watu wawili mpaka Garissa.