Gerezani, mahali lori linapovuliwa poda

Msomaji, kama wikiendi hii mfuko umekauka na ufukweni hakwendeki, panda mwendokasi ushuke Gerezani. Jina lisikutishe, hakuna atakayekufungia. Fuata mlio wa nyundo tu, utafika. Malapa yaache nyumbani maana cheche hazina adabu.

Gereji niliyosimama mimi ilikuwa na Bedford moja, mzee wa kazi, anayebeba nazi za Mkuranga. General Motors waliuza kiwanda chao cha malori kule Dunstable, Uingereza, mwaka 1987, kwa hiyo madigadi mapya ya gari hili usiyaulizie dukani. Hapa yanatoka kwenye bati bapa, nyundo na jicho la fundi. Basi!

Raha yenyewe ni kumwona fundi bodi akipima ugonjwa. Anagonga kebini kwa kifundo cha kidole huku ametega sikio. Bati zima linalia "nge!", puti inaitika "bu". Chini ya mlango ikaitika bu. Akakwangua, ikatoka puti nene kama kidole gumba, na nyuma yake kutu tupu. Kumbe aliyeliuza alikuwa amempaka poda bibi kizee!

Mwenye lori, mama wa makamo, akashika kiuno.

"Fundi mwanangu, si ubandike tu juu tupige rangi? Kila siku likilala hapa mimi sili."

"Mama, nikibandika juu ya kutu, masika ikipita utarudi kunitukana. Tukate mpaka tuone chuma safi."

Mama akanyamaza kitambo, akahesabu kwa vidole. Kisha akasema kateni.

Terminali ya betri ikafunguliwa kwanza, umeme wa kuchomelea usije ukaunguza mitambo. Kipande kipya kikapimwa kwa boksi la karatasi, kikakatwa. Hapo ndipo wababaishaji wanapoumbuka, kwani bati la kebini ni jembamba. Ukivuta moto mstari mmoja mrefu linajikunja kama chapati. Huyu alitia nukta moja huku, nyingine kule, akaacha lipoe, akarudi katikati. Taratibu kama mshona vifungo.

Kilichoniudhi ni dogo aliyeshika bati bila kinyago, amevaa miwani ya jua ya machinga. Ninyi mnaopenda kusimama kushangaa, sikieni: miwani ya urembo haizuii mwanga ule. Saa chache baadaye macho yanawasha kama yametiwa mchanga, usingizi huupati. Fundi alimfokea, dogo akacheka. Nikamwona anapangusa machozi kabla hata ya saa kumi.

Jioni grainda ikapita, puti kidogo ya kusawazisha, halafu rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Utingo alitaka lipigwe njano ing'ae barabarani. Mama akasema bluu, ile ile ya zamani, na Jumatatu alfajiri anataka lori lake Mkuranga.