Dawa Iliyosazwa

Kusaza ni desturi njema katika mambo mengi. Mkulima husaza mbegu, na mzazi mwenye busara husaza fedha kwa ajili ya siku ya shida. Lakini huku kwetu Ilembo, Mpanda, twaona watu wakisaza kitu kisichofaa kusazwa, nacho ni dawa. Mtoto hushikwa na kichomi, akapelekwa zahanati, akapewa dawa ya siku tano. Siku ya tatu homa imeshuka, naye aomba uji. Hapo mama huzifunga zile zilizobaki katika kitambaa na kuziweka juu ya kabati, akisema, "Zitamfaa mdogo wake." Hiyo ni huruma ya mama, wala hatumlaumu. Walakini yatupasa sisi walimu kueleza hatari iliyomo.

Dawa tunazozinena ni viuavijasumu, kama amoksilini. Mwanzo wake ni penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming huko London mwaka 1928. Kazi yake ni kuua vijidudu viitwavyo bakteria. Mafua ya kawaida huletwa na virusi, navyo havifi kwa dawa hizi hata ukizimeza pakiti nzima.

Sasa tufikiri juu ya ghala la mahindi. Ukitia dawa haba, dumuzi walio dhaifu hufa, na walio hodari hubaki, huzaana, na mwaka wa pili dawa ile ile ni kama vumbi kwao. Ndivyo ilivyo kwa vijidudu mwilini. Homa kushuka ni dalili ya kuwa wengi wamekufa, si wote. Kwa hiyo idadi ya siku huwekwa na tabibu, wala si na homa. Fleming mwenyewe alionya jambo hili mwaka 1945, alipopokea tuzo ya Nobel. Wala hakusema bure: mwaka 2019 wataalamu walikadiria ya kuwa watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa vijidudu vilivyokuwa sugu.

Tena vijidudu sugu havikai kwa mwenye navyo peke yake. Hupita kwa kikohozi na kwa mikono, vikaingia nyumba ya pili. Aliyesaza dawa yake amepunguza nguvu ya dawa ya jirani.

Nchi yetu yajua neno hili kuliko nyingi. Mwaka 1977 Tanzania ilianza mpango wake wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, na tabibu Karel Styblo alisaidia kuuongoza. Waliona ya kuwa wagonjwa wa kifua kikuu hupata nafuu mapema, kisha huacha dawa, na ugonjwa hurudi. Basi wakaweka desturi ya mgonjwa kumeza dawa mbele ya mwangalizi. Njia hiyo ilifaa sana, hata katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaieneza katika nchi nyingine.

Basi, mambo machache ya kushika. "Kutwa mara tatu" maana yake ni kila baada ya saa nane: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. "Kutwa mara mbili" ni kila baada ya saa kumi na mbili. Mwambie tabibu kama una mimba, kama wanyonyesha, au kama dawa fulani ilikudhuru zamani. Uliza kama humezwa kabla ya chakula au baada yake, maana tetrasaikilini haipatani na maziwa, na metronidazoli haipatani na pombe. Ukitokwa na vipele, ukivimba uso au ukipumua kwa shida, usimeze tena. Nenda upesi kwa tabibu. Wala usimpe mtu mwingine dawa yako, ijapokuwa maumivu yenu yafanana.

Limebaki neno moja zito, nalo ni fedha. Wako wanaonunua nusu ya dozi kwa sababu mfukoni hamna zaidi. Hao hawahitaji kukemewa. Mtu asione haya kumwambia tabibu, "Fedha yangu ni hii tu," kabla dawa haijaandikwa. Pengine iko nyingine ya bei ndogo ifaayo vile vile. Na sisi majirani, tuchangao kwa harusi na kwa msiba, twaweza pia kuchanga ili mtoto wa mwenzetu amalize dawa yake. Mchango huo si sadaka kwake peke yake. Twalinda dawa ambayo kesho watoto wetu wenyewe wataihitaji.