Fundo la jirani

Mwanzoni mwa Desemba 2000, waasi wa RCD na jeshi la Rwanda walipoingia mji wetu wa Pweto, bwana yangu alikuwa ziwani. Alitoka jioni na nyavu zake kama kila siku. Asubuhi risasi zilikuwa zimefika mtaani, nasi tukashika njia ya Zambia kwa miguu, raia na askari wa serikali tukikimbia pamoja. Nilibeba mtoto mgongoni, wengine wawili wakinishika nguo. Kichwani nilikuwa na sufuria na unga wa muhogo wa siku mbili.

Tulipelekwa kambi ya Kala, kule Kawambwa. Hapo ndipo nilipojifunza kuombea, maana kabla ya hapo nilijua kuomba tu.

Kulikuwa na mama mmoja mzee wa kanisa la Garenganze, mwenye asili ya Luanza, pale alipozikwa mmisionari Dan Crawford mwaka 1926. Wazee wa Luanza walimwita Crawford Konga Vantu, mkusanya watu. Mama huyo naye alitukusanya, alfajiri, kabla ya foleni ya maji. Sheria yake ilikuwa moja: hakuna kumwombea mtu wako. Unachukua jina la mtu wa jirani, na jirani anachukua la kwako.

Nilikasirika. Nilimwambia, "Mama, mimi nimempoteza bwana, halafu nimlilie mtoto wa mwingine?" Akanijibu, "Wako analiliwa, mwanangu. Wewe shika huyo."

Jirani yangu alikuwa na kijana aliyechukuliwa njiani na askari ili awabebee mizigo. Jina lake silitaji. Leo ni baba wa watoto. Nililifunga kwenye pembe ya kitenge changu, fundo gumu, nisije nikasahau. Yeye akamfunga bwana yangu kwenye pembe ya kitenge chake.

Ilifika miezi ambayo sikuweza kabisa kulitamka jina la bwana yangu. Nilikuwa nikifumba macho naona mtumbwi mtupu, na ulimi unakauka. Lakini kila alfajiri nililisikia likitajwa kando yangu, kwa sauti ya mwanamke ambaye hakuwahi kumwona, tena akilikosea kidogo kwa matamshi ya kwao. Nilisimama kwa sauti ile. Wangapi wameokolewa na imani yao wenyewe, sijui. Mimi nilibebwa na ya jirani.

Mwaka 2003 ilimfikia jirani yangu karatasi ya Msalaba Mwekundu, zile barua zisizofungwa, zinazoruhusu habari za familia tu. Hakujua kusoma, akaniletea mimi. Nilimsomea mstari kwa mstari: kijana yu hai, anamsalimu mama, anauliza wadogo zake. Nasema ukweli mbele za Mungu, moyo ulinichoma. Nilitaka karatasi ile iwe yangu. Jirani alipiga magoti akalia, kisha, kabla hajafuta machozi, akashika pembe ya kitenge chake akaanza kumwomba Mungu kwa ajili ya bwana yangu. Wivu wangu ulivunjikia hapo. Nilipiga magoti pembeni yake.

Jioni nilifungua fundo langu. Kitenge kizima kilikuwa kimepauka kwa jua na sabuni, ila ndani ya lile fundo buluu ilikuwa mpya kama siku nilipokinunua.

Tulirudi Pweto mwaka 2008. Baadaye, vita vya waasi wa Kata Katanga vilipofukuza watu vijijini, kuanzia Mitwaba mpaka kwetu, nasi tukawa wenyeji wa wakimbizi. Mama mzee alikuwa ameshatutoka, lakini sheria yake tuliwapa vilevile, pamoja na bukari na samaki. Nimefunga majina mengi tangu hapo. Mengine nimeyafungua.

Bwana yangu hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari zake. Jirani yangu ameniambia yeye hana ruhusa ya kulifungua fundo lile. Jumapili iliyopita alikaa mbele yangu kanisani, na pembe ya kitenge chake bado imekaza.