Mama koala na mti wa kalitusi

Mti wa kalitusi tunaujua wote. Milima ya Kabare na Walungu imejaa kalitusi: tunakata nguzo, tunachoma makala, na mtu akipata mafua tunamchemshia majani yake avute mvuke. Ila mti huu ni mgeni kwetu. Kwao ni Australia, na huko kuna mnyama ambaye chakula chake ni majani hayo, kila siku, maisha yake yote. Anaitwa koala.

Tulimwona Brisbane, mji mkuu wa jimbo la Queensland. Tulikuwa tumemsindikiza mama yetu mzazi, aliyekwenda kumsaidia mdogo wetu baada ya kujifungua. Mtoto alizaliwa wiki nane mbele ya muda wake, na gramu 1700 tu. Siku alipofikisha kilo mbili, shemeji alifurahi sana, akasema mama lazima atoke nyumbani kidogo. Akatupeleka Lone Pine, bustani ya koala iliyo kando ya mto Brisbane.

Kitu cha kwanza kinachokupokea pale ni harufu. Ni harufu ya chumba cha mgonjwa wa mafua, kwa sababu wafanyakazi wanaleta matawi mabichi ya kalitusi na kuyasimamisha kwenye vyombo vya maji kama maua. Koala wamekaa juu, kwenye panda za miti, wamejikunja, wamelala. Analala saa 18 hadi 20 kwa siku. Si uvivu. Majani ya kalitusi yana sumu na yana nguvu kidogo sana, kwa hiyo tumbo linafanya kazi ndefu. Sehemu moja ya utumbo wake ina urefu wa karibu mita mbili, wakati mwili mzima haufiki hata mita moja!

Wazungu wa kwanza walimwita dubu, na watu wengi bado wanakosea hivyo. Koala ni wa ukoo wa kangaroo, wanyama wenye mfuko wa kulelea mtoto. Ukubwa wake unategemea mahali anapoishi. Kule Queensland kwenye joto, jike ana kilo tano au sita, dume sita hadi nane hivi. Ukishuka kusini, jimbo la Victoria lenye baridi, dume anaweza kupita kilo 12 na manyoya yake ni mazito zaidi. Kwa hiyo jike wa Brisbane ana uzito wa mtoto wetu wa miezi mitatu au minne anayenyonya vizuri.

Sasa wamama, sikieni jambo lililotushangaza kupita yote. Mimba ya koala ni siku 35 tu. Mtoto anazaliwa na urefu wa sentimeta mbili, kama punje ya maharagi, na uzito wake ni nusu gramu. Hana macho, hana manyoya. Lakini mikono yake ya mbele ina nguvu tayari, na anapanda mwenyewe kwenye manyoya ya mama mpaka ndani ya mfuko. Akishika chuchu, ile chuchu inavimba kinywani mwake na kumshikilia, asianguke. Anakaa humo karibu miezi sita.

Tulifanya hesabu palepale, ndiyo desturi ya walimu. Mtoto wetu akizaliwa na kilo tatu, na akiwa mtu mzima mwenye kilo 60, amejizidisha mara 20. Koala anatoka nusu gramu mpaka kilo sita: mara 12 000. Mlinganishe na okapi wa msitu wetu wa Ituri. Yeye anabeba mimba miezi 14 hadi 15, na ndama wake anazaliwa na kilo 14 au zaidi, akasimama kwa miguu yake siku ileile. Okapi anamaliza kazi kubwa tumboni. Koala anaifanya mfukoni.

Mama yetu alisimama muda mrefu mbele ya jike mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni. Akasema: « Kumbe huyu naye anabebaka ku mugongo kama sisi! » Ni kweli. Baada ya mfuko, mtoto anapanda mgongoni na kubebwa mpaka anafika mwaka mmoja hivi. Na kabla ya kuanza kula majani, mama anampa kwanza uji laini unaotoka katika utumbo wake mwenyewe. (Wamama waliokuwa pembeni walikunja pua.) Uji huo una vijidudu vya kusaga kalitusi. Bila huo, mtoto angekula majani na kufa.

Pale nyumbani mdogo wetu alikuwa akimbeba kichanga wake kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, na shemeji akimpokea zamu. Njia hiyo inaitwa malezi ya kangaroo. Ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, katika hospitali iliyokosa mashine za kutosha za kuwapa joto watoto wadogo. Leo hata mahali penye mashine nyingi wanaitumia, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri ianze mara tu baada ya kuzaliwa. Mama yetu alikuwa na mashaka nayo siku za kwanza. Alitaka mtoto afunikwe mablanketi na alazwe peke yake. Baada ya Lone Pine hakusema tena habari ya mablanketi.

Koala anaishi miaka mingapi? Kwa kawaida mnyama mkubwa anaishi kuliko mdogo. Panya wa nyumbani hafiki mbali kupita miaka miwili. Tembo anafika 60 au 70. Lakini sheria hiyo ina walioivunja: popo mmoja wa Siberia, wa gramu saba hivi, alivishwa pete na watafiti, akakamatwa tena miaka 41 baadaye. Koala wa porini dume anaishi karibu miaka kumi, jike huenda akafika 15, kwa sababu hapigani sana wala hatembei hovyo kutafuta wachumba.

Mwisho wake mara nyingi uko kwenye meno. Majani ya kalitusi ni magumu, meno yanalika, na siku yamekuwa laini kabisa mnyama anashindwa kutafuna, anakonda juu ya mti uliojaa chakula. Mwenye kutunzwa, akichaguliwa majani mororo na kutazamwa na muganga wa wanyama, anaongeza miaka. Sarah wa hapohapo Lone Pine aliishi miaka 23. Midori, aliyepelekwa Japani, alifika 25.

Wale wa porini wana matatizo mengine: miti inakatwa ili kujenga nyumba, mbwa, magari, moto, na ugonjwa wa klamidia unaowapofusha na kuwafanya majike wasizae. Mwaka 1927, mwaka uleule Lone Pine ilipofunguliwa, serikali ya Queensland iliruhusu kuwinda koala kwa ajili ya ngozi, na zaidi ya nusu milioni waliuawa katika muda mfupi. Jike anazaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, pengine kwa miaka miwili. Tangu Februari 2022 koala wa Queensland wameandikwa rasmi kati ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Tulirudi jioni kwa gari la shemeji. Kwenye barabara za huko kuna vibao vya njano vyenye picha ya koala, kuwaambia madereva wapunguze mwendo. Mama alivihesabu: vitatu, mpaka tukafika mlangoni.