Majani Tu

Yaya wangu anaishi Brussels tangu mwaka 2012. Aliporudi Lubumbashi kwa mara ya kwanza, baada ya miaka saba, alimletea mama matunguu matano ya irisi, yamefungwa katika gazeti kama tangawizi ya sokoni. Alisema kwamba huko irisi ya njano ndiyo nembo ya jiji. Haya yake yalikuwa ya bustani, amepewa na jirani, na hata rangi ya maua yake hakuijua.

Mama alilitazama lupango letu. Nyuma ya nyumba kuna matuta manne tu: lengalenga, matembele, bamia na vitunguu. Aling'oa lengalenga yote, akayafukia matunguu chini sana kama mtu anayepanda muhogo, akawa anayamwagilia maji kila jioni. Mimi nilinyamaza. Mwanafunzi wa lugha atasema nini mbele ya jembe la mama yake?

Mvua za Novemba ziliposhika, majani yaligeuka manjano. Tulipochimbua, matunguu matatu yalikuwa yameoza, laini, yananuka. Ndipo nikaanza kusoma. Tunguu la irisi halitaki kuzikwa: mizizi iwe udongoni, mgongo wake upate jua, na maji yasituame pale. Yale mawili yaliyobaki tuliyakata sehemu mbovu kwa kisu kisafi, tukayaacha yakauke kivulini siku mbili. Tukainua tuta na kuchanganya mchanga. Mama alicheka: "Kumbe hili ua linalala kama mamba!"

Tangu hapo yanaota vizuri. Majani yamesimama wima kama panga. Lakini hayajachanua hata mara moja. Irisi nyingi za aina hiyo huhitaji baridi ndefu ya Ulaya ili ziandae maua. Kwetu usiku wa Juni na Julai una baridi, lakini mchana jua hurudi. Nilimweleza mama pia kwamba neno irisi lilitoka kwa Wagiriki, na kwao lilikuwa upinde wa mvua. Akaniuliza: "Upinde gani huo usiokuwa na rangi?"

Kila Jumapili yaya hupiga simu. "Yamechanua?" Kwa miaka mitatu mama alijibu, "Bado." Mwaka jana nikamsikia akisema, "Ndiyo, yamechanua. Mazuri kabisa!"

Simu ilipokatika nilimuuliza kwa nini.

"Akijua hayachanui, ataacha kuuliza," alisema. "Na asipouliza habari ya maua, atapiga simu kwa sababu gani?"

Jumapili iliyofuata yaya aliomba picha.

Picha ingepatikana. Katika msitu wa miombo nje ya jiji, wakati wa mvua, huota gladioli ya porini. Ni ndugu wa irisi, wa ukoo mmoja wa mimea. Majani yake yana umbo lilelile la upanga, na jina lake kwa Kilatini maana yake ni upanga mdogo. Maua yake ni ya rangi ya chungwa. Yaya asingejua tofauti. Nilichukua simu, nikatembea mpaka mahali pa kupandia basi, nikasimama pale kwa muda. Kisha nikarudi nyumbani.

Nilimkuta mama amechuchumaa kwenye tuta, anang'oa magugu katikati ya majani yale marefu. Nikampiga picha hivyo hivyo, nikaituma bila maneno.

Siku mbili yaya hakujibu. Mama hakunisemesha sana siku hizo.

Jumatano jioni simu ikalia. Haikuwa Jumapili. Mama aliipokea akiwa tayari na maelezo yake, lakini yaya hakuuliza habari ya maua.

"Mama," alisema, "magoti yanauma? Nimeona unavyochuchumaa."

Mama alikaa kwenye kigoda. Walizungumza mpaka simu ikaisha moto.