Diski moja, mifumo miwili: Windows na Linux kwenye kompyuta ya shangazi

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zimenizidi, na stima hapa Migori haikunisaidia. Leo nataka kuandika juu ya jambo ninaloulizwa karibu kila mwezi, na watu wa kila aina, wanafunzi, walimu, hata mhubiri mmoja: je, naweza kuweka Linux kwenye kompyuta yangu bila kufuta Windows? Jibu ni ndiyo. Lakini ndiyo hiyo ina mambo yake, na badala ya kuwapa nadharia tupu nitawaeleza kazi niliyoifanya Desemba 2025 kule Homa Bay, kwenye kompyuta ya shangazi yangu.

Shangazi ni mwalimu wa sekondari. Kompyuta yake ni laptopu ya mtumba, zile zinazoletwa kutoka Uingereza baada ya ofisi kuzichoka: Core i5 ya kizazi cha nne, RAM ya GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500. Mashine nzuri tu, kibodi yake ni bora kuliko ya laptopu nyingi mpya. Tatizo ni kwamba ilikuwa na Windows 10, na Microsoft waliacha kuitolea masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Waliweka muda wa nyongeza wa mwaka mmoja kwa wanaojiandikisha, basi. Kuhamia Windows 11 haiwezekani kwa njia rasmi, maana inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na TPM 2.0. Kwa hiyo mashine nzima inayofanya kazi imeambiwa imezeeka. Mimi naona huo ni upotevu mkubwa, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Upande wa pili kuna binamu yangu, mtoto wa shangazi. Amemaliza kidato cha nne, anasubiri kwenda chuo, na anataka kujifunza kuandika programu. Kompyuta nyumbani ni hiyo moja. Alikuwa ameshampelekea fundi mmoja mjini, na fundi akamwambia maneno ambayo mafundi wetu wanayapenda sana: "Tufomati tu, tuanze upya."

Shangazi alimwahi. Akanipigia simu usiku huohuo.

"Mwanangu, humo ndani mna pesa za watu," akasema.

Alikuwa sahihi. Yeye ni mweka hazina wa chama cha wanawake 23, wengi wao wanauza omena (dagaa kwa ndugu zetu wa Tanzania). Daftari lao la karatasi lilijaa mwaka 2019, na tangu hapo kila mchango, kila mkopo na kila riba viko kwenye faili moja la Excel. Halafu kuna alama za wanafunzi wa miaka tisa, kwenye hifadhidata ya Access ambayo mwalimu mwenzake aliitengeneza kabla ya kuhamishwa. LibreOffice hufungua mafaili mengi ya Excel vizuri, lakini fomu za Access zenye makro zake hazitafanya kazi kule. Ndiyo sababu sikumshauri ahamie Linux moja kwa moja. Windows ibaki kwa kazi za mama, Linux iingie kwa kazi za mtoto, kila mmoja na chumba chake.

Mtu atauliza, kwa nini usiiendeshe Linux ndani ya Windows, kama mashine ya kuigiza? Kwa RAM ya GB 4? Windows 10 yenyewe inakula karibu nusu kabla hujafungua kitu. Ukiongeza mfumo wa pili juu yake vyote viwili vitakwama kama matatu kwenye matope ya Aprili. Ukigawa diski, mfumo mmoja tu ndio unaoamka kwa wakati mmoja, na unapata RAM yote.

Basi nikapanda gari, Awendo, Rongo, Rodi Kopany hadi Homa Bay, nikiwa na diski ya nje na flashi mbili. (Nakumbuka enzi zile Canonical walikuwa wanatuma CD za Ubuntu bure kwa posta hadi kwenye sanduku lako. Walisimamisha huduma hiyo mwaka 2011. Siku hizi ni kupakua tu, ukiwa na bando.)

Sasa tuje kwenye diski yenyewe. Kugawa diski ni kama kugawa shamba. Udongo haubadiliki, kinachobadilika ni mipaka, na mipaka hiyo imeandikwa mahali. Kwenye diski za mtindo wa zamani mahali hapo ni sekta ya kwanza kabisa, inayoitwa MBR. Ina baiti 512 tu. Baiti 446 za mwanzo ni programu ndogo ya kuamsha mashine, baiti 64 ni orodha ya mipaka, na 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha. Kila sehemu ya diski inaandikwa kwa baiti 16. Gawanya 64 kwa 16 upate 4. Basi hapo ndipo inapotoka ile sheria ya sehemu nne za msingi ambayo wengi wanaikariri bila kujua chanzo chake. Mpangilio huu ulikuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, wakati diski ya IBM PC XT ilikuwa MB 10. Wimbo mmoja wa video kwenye simu yako hautoshei humo! Nani angefikiria kwamba mtu atahitaji sehemu tano?

Nilipofungua Disk Management kwenye kompyuta ya shangazi, nikakuta hali hii: sehemu ndogo ya Windows ya kuamshia, C ya GB 300, sehemu ndogo ya kurekebishia Windows, na D ya GB 164 ambayo bila shaka muuzaji aliitengeneza. Hesabu: nne. Rejista imejaa.

Hapa ndipo watu wengi huumia, kwa hiyo someni polepole. Ukijaribu kutengeneza sehemu ya tano kwa kutumia Disk Management, Windows haikatai. Inakuletea onyo kwamba itaigeuza diski iwe ya aina ya "dynamic", na chini yake kuna kitufe cha kukubali. Usikubali! Diski ya aina hiyo ni taabu tupu kwa mtu anayetaka mifumo miwili, na kuirudisha ilivyokuwa bila kupoteza data si kazi ya jioni moja.

Njia halali ni sehemu ya nyongeza, ile inayoitwa "extended". Unatoa nafasi moja kati ya zile nne, unaifanya iwe kama boma, na ndani ya boma hilo unajenga nyumba nyingi kadiri unavyotaka. Windows haipendi kuamkia ndani ya boma, lakini Linux haina shida nalo. Na bahati nzuri D ilikuwa mwishoni mwa diski. Maana yake sikuhitaji kuipunguza C hata kidogo. Nilihitaji tu kuihamisha mizigo ya D, kuifuta, na kujenga boma mahali pake. Kila mara ukiweza kukwepa kupunguza sehemu yenye Windows, kwepa.

Kwanza nakala. Mafaili yote ya D, GB 40 hivi, picha za harusi na mahubiri na filamu, yakaenda kwenye diski ya nje pamoja na folda za shangazi za kwenye C. Lile faili la chama lina uzito usiofika MB 2, kwa hiyo nikaliweka pia kwenye flashi, shangazi akajitumia kwa barua pepe, na tukafungua kila nakala kwenye simu yake kuhakikisha inafunguka. Nakala ambayo hujaifungua si nakala. Katikati ya kunakili stima ikapotea, kama kawaida, lakini betri ilikuwa imejaa na ikatuvusha. Wenye kompyuta za mezani, hii ni kazi ya kufanya mkiwa na UPS. Kunakili kukikatizwa unarudia tu. Kuhamisha mipaka kukikatizwa ni habari nyingine.

Nikakagua afya ya diski kwa kusoma taarifa zake za SMART, maana hakuna faida ya kugawa shamba linalomomonyoka. Ilikuwa nzima. Halafu ndani ya Windows nikafungua dirisha la amri kama msimamizi na kuandika:

powercfg /h off

Amri hii inazima usingizi mzito wa Windows na pamoja nao ile "Fast Startup". Ukiiacha, Windows haizimiki kikamilifu unapobonyeza kuzima. Inalala ikiwa imeshikilia diski zake, na Linux ikija inazikuta zimefungwa, inakuruhusu kusoma tu bila kuandika.

Baada ya hapo nikaifuta D, nikaiacha nafasi ikiwa tupu, nikaamsha mashine kwa flashi yenye Linux Mint ya Xfce. Kwenye usakinishaji utaulizwa unataka nini. Kuna chaguo la kufuta diski yote (hapana!) na kuna la mwisho, "Something else", ambalo ndilo letu. Ndani ya boma nikatengeneza GB 60 za ext4 kwa ajili ya Linux, GB 8 za swap, na nafasi iliyobaki, GB 96 hivi, nikaifanya NTFS. Hiyo ya mwisho ni uwanja wa wote: Windows inaisoma na Linux inaisoma, picha za harusi zikarudi humo. Faili la chama sikuliweka uwanjani. Lilibaki C, na nikamwambia binamu kwamba C ni chumba cha mama yake, ukipita mlangoni hubishi hodi, unapita.

Shangazi alikaa pembeni muda wote huo. Nilipobonyeza kuendelea akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwonyesha kwenye skrini, orodha ya yale yatakayoandikwa upya, na C haimo. Akaisoma mwenyewe mara mbili, mstari kwa mstari, kama anavyosoma ripoti za wanafunzi, ndipo akasema, "Haya, endelea."

Dakika ishirini na kitu. Mashine ikaamka upya na menyu ya GRUB ikatokea, Linux juu, Windows chini. Tukachagua Windows kwanza. Ikafunguka. Shangazi akafungua faili la chama, akashuka hadi mstari wa mwisho, akaangalia jumla, akalinganisha na namba aliyokuwa ameiandika kwenye kipande cha karatasi bila kuniambia. Zikalingana. Ndipo chai ikaletwa.

Kwa wenye mashine mpya zaidi: nyingi hutumia GPT badala ya MBR, na UEFI badala ya BIOS. Huko sheria ya nne haipo, Windows inaruhusu sehemu 128, kwa hiyo hakuna haja ya boma. Lakini mna adui mwingine, BitLocker. Laptopu nyingi siku hizi zinakuja diski ikiwa imeshafungwa kwa siri bila mwenyewe kujua. Kabla ya kugusa chochote tafuteni ule ufunguo wa kurejesha, wenye tarakimu 48, mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft, muuandike kwenye karatasi. Na kama hamna D ya kutoa kafara, mtalazimika kuipunguza C. Fanyeni hivyo kutoka ndani ya Windows yenyewe, na msishangae mkiambiwa mnaweza kupunguza kidogo tu wakati nafasi tupu ni kubwa. Kuna mafaili ya Windows yasiyohamishika ambayo yamekaa katikati ya shamba. Zima usingizi mzito kama nilivyoeleza, zima kwa muda ile faili ya RAM ya ziada, washa upya, halafu jaribu tena.

Nilibadilisha mpangilio wa menyu ili Windows iwe ya kwanza kuchaguliwa, maana shangazi hataki kubonyeza mshale kila asubuhi. Binamu ndiye atakayebonyeza. Tayari anaandika Python, na juzi alinitumia programu yake ya kwanza ya kukokotoa riba ya mkopo. Amejaribu kuipa namba za chama (za kubuni, aliniapia).

Jumatatu iliyofuata shangazi akanipigia saa mbili asubuhi. Kompyuta inasema ni saa kumi na moja alfajiri, kuna nini? Hapo nikacheka, maana niliisahaulisha makusudi nione kama ataigundua. Windows huiona saa ya ndani ya mashine kuwa saa ya hapa kwetu, Linux huiona kuwa saa ya dunia, UTC, na sisi tuko mbele kwa saa tatu kamili. Nikampa binamu amri moja kwa simu, aiandike upande wa Linux:

timedatectl set-local-rtc 1

Akaniuliza kama aweke "sudo" mbele. Nikamwambia ajaribu zote mbili aone.